Neno Moja, Kazi Zote

Treni ilipotoka Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi, kuelekea Mpanda, binti aliyekaa mbele yangu alikuwa anakariri Kiingereza kama anayesali rozari. Aliitwa Vénérande, na mchana huo alikuwa na usaili wa ukarani kwenye shirika la kuhudumia wakimbizi. "Get ni kupata," alisema. "Tena ni kufika. Tena ni kuelewa. Get up, kuamka. Get married, kuolewa."

Mzee Luhende, Msukuma aliyekaa pembeni yake, akaguna. "Neno moja kazi zote hizo? Wazungu wavivu. Kwetu ng'ombe mwenye baka kichwani ana jina lake, mwenye baka tumboni ana lake. Ukiniambia tu ng'ombe kapotea, nitafute yupi? Acha, mjukuu wangu, utaaibika bure."

Machozi yakamlengalenga binti. Nilikuwa nafungua mdomo nimwambie mzee anyamaze, lakini binti akanitangulia. "Babu, nyie kwa Kiswahili mnapiga pasi, mnapiga hodi, mnapiga magoti, mnapiga chafya. Hapo nani anaumia?"

Behewa zima likacheka. Mabati ya Mpanda yalikuwa yameanza kuonekana mzee alipojibu. "Piga ni ya kwetu," alisema. "Tumeizoea."

"Na mimi get nitaizoea."

"Saa ngapi, na usaili ni leo?"

Treni ikasimama. Vénérande alikuwa ameshafika chini, anakung'uta sketi, mzee alipotoa kichwa dirishani na kupaza sauti: "Wakikubana, waulize wao piga ina maana ngapi!"