Kipande cha Bluu Namba Arobaini na Moja

Ukitokea soko la Nyasho, mjini Musoma, kuelekea barabara ya lami, kuanzia saa mbili asubuhi utawakuta wamekaa: benchi moja lenye mguu wa kuazima, ndoo mbili za rangi zilizopinduliwa, na birika la Said muuza kahawa likifuka juu ya mkaa. Abubakary, fundi baiskeli, wanamwita Dola, maana kila kitu duniani, hata mvua, yeye hukieleza kwa bei ya dola. Masatu wa Mugango, muuza dagaa, wanamwita Meneja, na hakuna anayejua anasimamia nini. Mwalimu Gasper, mstaafu, hukaa mwisho wa benchi ule usioyumba. Mkabala nao, ng'ambo ya kichochoro, ni mlango wa Hamduni, fundi cherehani, ambao huwa wazi ili akiwa kijiweni aone cherehani yake na mteja amwone yeye. Wiki ile shule zilikuwa zinafunguliwa, na fundi wa sare hakuwa na muda wa kukaa. Lakini Hamduni alivuka kichochoro akiwa na karatasi mfukoni, akapokea kikombe, kashata akaikataa. Wote wakajua kuna jambo.

— Mtu anayekataa kashata ana mgonjwa au ana fomu, akasema Meneja. Itoe tuione.

Hamduni akaitoa. Ilikuwa imekunjwa mara nne na ilianza kuchakaa kwenye mikunjo, kwa kuwa alikuwa ameifungua na kuifunga tangu Jumatatu.

— Ni ule mpango wa ada tangulizi, akasema. Wale waliopita na gari la matangazo. Unalipia chuo cha mtoto sasa hivi, kidogo kidogo, kwa bei ya leo. Akifika umri wa kwenda chuo, hata ada ikiwa imepanda mara tatu, yeye anaingia tu. Yule ofisa wao, Baltazar, anapokea fomu kwenye ukumbi wa kata mpaka saa saba mchana. Kesho anahamia Bunda.

— Na Hasna wako yuko darasa la ngapi? akauliza Mwalimu Gasper.

— La pili.

— Kwa hiyo unamlipia miaka kumi na moja mbele, au kumi na mbili.

— Ndiyo hivyo, Mwalimu. Malipo ya kwanza ni laki tatu.

Hamduni hakusema laki tatu hizo zilikuwa za nini, lakini kijiwe kizima kilijua. Alikuwa akizikusanya mwaka wa pili sasa, anunue cherehani ya ovaloku, aache kupeleka nguo kwa jirani kumaliziwa kingo. Mkewe, Siwema, alimwambia alfajiri ile: “Ukichagua mashine, sitanuna. Ukichagua fomu, sitanuna. Ila usirudi na fomu na hela, vyote viwili mfukoni.”

— Mimi nakwambia kama ndugu, akaanza Dola, akifuta grisi mikononi. Usiwape. Miaka kumi na mbili, dola itakuwa imefika wapi? Vyuo vitaacha kabisa kupokea shilingi. Vitataka dhahabu. Semista moja, gramu mbili. Wewe utakuja na fomu yako, watakwambia mzee, hii ilikuwa ya wakati wa makaratasi.

— Sasa si ndiyo maana analipa mapema? akasema Meneja. Wakishapokea, wamepokea. Mimi shida yangu ni nyingine. Chuo chenyewe kitakuwepo? Watoto watasomea kwenye simu. Profesa atakuwa mashine. Fundi, ukienda pale wewe dai kiti chako. Sema nilimlipia mtoto kiti, nipeni kiti, nikakae nacho nyumbani.

— Kiti kimoja kwa milioni ngapi? akauliza Hamduni.

— Ndiyo uchague chenye mto.

Said akacheka, akaongeza kahawa. Mwalimu Gasper aliisogeza ile fomu mbali na macho, akaisoma taratibu kama alivyokuwa akisoma insha za wanafunzi.

— Mimi naogopa kinyume chenu, akasema. Kwenye sekondari tulikuwaga tunalipa ada, ikafutwa. Je, na chuo kikifanywa bure? Hamduni atakuwa amelipia kitu ambacho wenzake wanagawiwa.

— Bure tena? Dola akashtuka. Hapo hata mimi naenda.

— Unaenda kusoma nini, Dola? akauliza Mwalimu.

— Uchumi! Nawafundisha wao.

— Nyinyi mnasahau ziwa, akasema Meneja, na sauti yake ikashuka kama ya mtu mwenye siri. Mwaka ule maji yalipopanda, si mliona majumba ya ufukweni yalivyokuwa? Sasa vyuo vinapenda kujengwa kwenye mandhari nzuri. Miaka kumi na mbili maji yatakuwa dirishani. Mtoto ataenda kipindini na mtumbwi. Fundi, uliza kama hiyo ada ina jaketi la kuokolea ndani yake.

— Andika hapo chini, Mwalimu, akasema Said. Jaketi moja, saizi ya msichana.

Hamduni alicheka nao. Hakuwa na kinyongo. Aliwajua, na alijua kwamba wakimwonea huruma ndipo wanapozidisha utani. Lakini hakupata alichokuja kutafuta. Dola hakuwahi kulipia chochote zaidi ya mwezi mmoja mbele. Meneja alikuwa akiwapa wavuvi wa Mugango hela kabla mtumbwi haujashuka majini, na akikosa dagaa kesho yake alikuwa anajua nyumba ya kwenda kugonga. Miaka kumi na mbili ilikuwa kitu kingine. Hata cherehani yake haikuwa na umri huo.

Akaitia fomu mfukoni. Alipoinua macho alimwona msichana amesimama mlangoni pake, ng'ambo, akichungulia ndani bila kuingia. Alikuwa na miaka kumi na minne hivi, mwembamba, na mkoba wa kitenge begani.

— Mteja huyo, fundi, akasema Said.

Msichana alisikia, akageuka, akavuka kichochoro kuja kwao.

— Shikamooni.

— Marahaba, wakaitikia.

— Namtafuta fundi Hamduni.

— Ndiye mimi, mwanangu. Umetoka wapi?

— Murangi. Naitwa Nyangi. Mama yangu ni Pelagia. Amesema nikupe hiki.

Akafungua mkoba, akatoa leso, na ndani ya leso kulikuwa na kipande cha kitambaa cha bluu, kisichozidi kiganja, kimepauka mpaka kukaribia kijivu. Katikati yake, kwa wino wa kalamu, iliandikwa 41.

Hamduni alikipokea kwa mikono miwili.

Watu wa kijiwe waliijua desturi yake. Mteja akimaliza kulipa, Hamduni hampi risiti. Hukata kipande cha kitambaa kilekile cha nguo yake, akakipasua nusu, akaandika namba kwenye zote mbili. Nusu moja mteja huondoka nayo. Nyingine hufungwa kwa pini kwenye nguo. Karatasi inaweza kuandikwa na yeyote, alikuwa anasema, lakini kitambaa kilichopasuka hakikubali kuungana na kingine. Na nguo iliyolipiwa yote haiuzi, hata mwenyewe akichelewa vipi. Kuna msumari wake nyuma ya pazia.

— Ilikuwa sketi, akasema Hamduni. Ya darasa la kwanza.

— Ndiyo. Sketi yangu. Mama alilipia tukahama wiki ileile, tukamfuata baba Ukerewe kwenye dagaa. Huko nilivaaga ya binamu yangu. Sasa tumerudi, na nimepangiwa kidato cha kwanza. Mama amesema nenda Musoma, yule fundi hatupagi vitu. Kaulize, akasema msichana. Bado ipo?

Dola aliacha kufuta mikono.

Hamduni alivuka, akaingia nyuma ya pazia. Walimsikia akisogeza kigoda, kisha akikung'uta kitu. Alirudi na sketi ndogo ya bluu iliyokolea kabisa, na pini yake imeota kutu. Akaweka nusu ya msichana kando ya nusu ya kwenye pini, juu ya benchi, kati ya vikombe. Rangi zilikuwa mbili sasa, moja ya bluu na moja iliyofifia kwa jua na safari, lakini uzi kwa uzi, mpasuko ukafuata mpasuko.

— Miaka saba, akasema Mwalimu Gasper.

Nyangi aliishika ile sketi kiunoni. Iliishia katikati ya mapaja. Akajiziba mdomo, akacheka, na wao wakapata ruhusa ya kucheka.

— Nilikuachia pindo la vidole vinne, akasema Hamduni. Sikujua utapitiliza hivi. Shule uliyopangiwa wanavaa rangi gani?

— Kijani. Lakini baba, mimi sikuja na hela. Mama alisema labda unaweza kuikata ikawa kitu kingine.

— Simama hapo, nyoosha mgongo.

Akavuta futi kutoka shingoni, akampima kiuno na urefu palepale kijiweni, akazitaja namba kwa sauti ili azikumbuke.

— Fundi, akanong'ona Meneja, ambaye minong'ono yake husikika mpaka sokoni. Sketi ya sekondari si unashonaga elfu kumi na nane? Na huyu mama yake alilipa ngapi?

— Elfu nane.

— Sasa hiyo elfu kumi anaitoa nani?

— Pelagia hakulipia elfu nane, Meneja. Alilipia sketi ya shule ya mwanawe. Mtoto huyu hapa, na shule anakwenda. Hii ndogo nikiifua, kabla ya adhuhuri itapata wa darasa la kwanza. Nyangi, njoo kesho asubuhi. Nitaacha vidole vitano safari hii.

Mwalimu Gasper alimtazama, kisha akautazama mfuko wa shati lake, pale kona ya fomu ilipokuwa ikichungulia.

— Hamduni, akasema polepole. Huo wako ndio mpango wenyewe. Bei ya jana, nguo ya leo.

— Naona, Mwalimu.

Na kweli aliona, na kwa muda mfupi moyo wake ulitulia. Kumbe jambo hilo linawezekana. Amelifanya mwenyewe kwa msumari na pini. Alikuwa ameshaanza kuhesabu jinsi ya kuishi mwaka mwingine bila ovaloku, pale Nyangi, ambaye alikuwa akikikunja kipande chake kukirudisha kwenye leso, alipouliza. Hakuuliza kwa ubishi. Aliuliza kama mtoto anavyouliza jambo alilokuwa akiliwaza njia nzima.

— Baba, samahani. Kama ningekuta umeshafariki, ningemuuliza nani?

Dola aligeuka kuutazama mlango wa Hamduni ulio wazi, ng'ambo.

Hamduni alimfikiria mkewe. Siwema hakuujua msumari ule. Hakuwahi kuvuka pazia, kwa kuwa hakukuwa na sababu. Angekuta sketi kuukuu imetundikwa, angeigawa kwa nia njema kabisa, na binti wa Pelagia angesimama mlangoni na kitambaa mkononi.

— Sijui, mwanangu, akasema. Nitakujibu kesho ukija kuchukua.

Nyangi aliwashukuru, akashika njia ya kwa shangazi yake. Said aliinamisha birika juu ya kikombe cha Hamduni. Yakatoka matone mawili na machicha.

— Imeisha, akasema.

Hamduni akatoa simu.

— Siwema, acha hiyo kazi kidogo, uje dukani. Kuna nguo tisa nyuma ya pazia. Nataka uzijue moja moja, na majina ya wenyewe.

Sauti ya upande wa pili iliuliza kitu.

— Fomu bado ninayo. Nikishakuonyesha naenda nayo ukumbini, na hela naibeba. Lakini sisaini kabla yule Baltazar hajanijibu swali moja.

Akasikiliza tena.

— Swali si langu. Ni la mtoto mmoja wa Murangi.