Mkono wa Mjumbe

Fundi viatu alikuwa ameficha beji yake ya mjumbe wa Baraza ndani ya koti, asije akaulizwa. Ndani ya treni watu walikuwa wakibishana.

"Leo Baraza linaamua tujitenge na mfalme," alisema mwashi. "Kodi zetu anazijua, sura zetu hazijui."

"Rahisi kusema, kaka," alijibu mama mmoja. "Mwanangu ni askari wake, kala kiapo. Wajumbe wakinyoosha mikono kukubali leo, kesho atamlenga nani? Wewe?"

Mama akamgeukia fundi viatu aliyeketi kando yake, akamshika mkono wa kulia. "Ungekuwa wewe, baba, ungenyoosha?"

Treni ikasimama. "Barazani," akaita kondakta. Fundi viatu akainuka. Mama hakumwachia mkono.