Kanda ya Kumi na Nne

Sogeeni, wanangu, na wewe uliye juu ya bati shuka, hiyo antena imeshashika, picha ya majaribio ya ile chaneli mpya naiona hadi hapa kitandani. Nisikilizeni nikiwa bado na pumzi, maana saa tisa chaneli hiyo ya michezo inafunguliwa, na baba yenu mdogo anakuja kuitazama hapa na shati lake la pasi, na akishaingia mimi sitaweza tena.

Ya nyumba ni mafupi. Nyumba ni yenu watatu, isiuzwe, na chumba cha nyuma ni cha baba yenu mdogo mpaka siku yake. Cherehani ya mama yenu achukue kitindamimba, ndiye pekee anayeitia uzi bila kuitukana. Ile hatua moja ya kiwanja aliyonimegea jirani alipojenga ukuta, mwachieni. Nimemnunia miaka kumi na mmoja, wala hajagundua.

Sasa lililonikaa kooni. Mnajua nilikuwa mtunza kanda wa kituo cha televisheni, na mnajua baba yenu mdogo alikuwa golikipa, na kwamba kwenye ile fainali, dakika ya mwisho, mpira uligonga mwamba wa juu, ukadunda chini, akaudaka kwenye mstari, na refa akasema umeingia. Watu wakasema kipa kaurudisha ndani makusudi, kalipwa. Tangu siku hiyo anaitwa Bei Gani. Wanamwita hivyo hata watoto ambao baba zao walikuwa hawajazaliwa siku ile, na mchumba wake alimkimbia kwa jina hilo hilo.

Haukuingia, wanangu. Kesho yake asubuhi niliitazama kanda peke yangu, nikaisimamisha pale pale: mpira wote uko mbele ya mstari, viatu vyake tu ndivyo vilivyo nyuma. Nikamfuata nikamwambia, mdogo wangu, ushahidi ninao, ipo siku utaonyeshwa, nikaapa kwa kaburi la mama yetu.

Lakini kanda zilikuwa chache siku zile, mechi ikikaa miezi mitatu tunaifuta na kurekodia juu yake. Nikaona niifiche. Nikaitia kwenye boksi la hotuba za mkubwa mmoja, nikaipa namba kumi na nne, maana hotuba zake hakuna aliyethubutu kuzigusa, nami nikajiona mjanja. Mwaka wa pili mkubwa akafukuzwa, na kabla ya chai ya saa nne amri ikafika: hotuba zake zote zifutwe leo leo. Meneja akanisimamia begani na karatasi, kila kanda anaiwekea alama. Ilipofika ya kumi na nne nikaiweka kando. Akaniuliza, "Vipi bwana, hiyo ina nini?"

Ningesema tu, ina mpira. Lakini angetaka kujua kwa nini imo kwenye boksi la yule mtu, na wiki ile watu walikuwa wanaondolewa kazini kwa kosa la kuwahi kumpungia mkono, na mama yenu alikuwa na mimba yako, dada mkubwa. Nikasema, "Hotuba tu." Nikaiweka kwenye mashine ya kufutia kwa mkono wangu huu. Haikuchukua hata dakika nne.

Miaka thelathini na minne namdanganya. Kila akitukanwa anakuja kukaa kwenye kile kiti cha plastiki, ananiuliza, "Kaka, bado ipo?" Namwambia ipo. Yule mama wa chaneli alipokuja kuulizia mechi za zamani za kufungulia chaneli, baba yenu mdogo alikuwa amekaa papo hapo, nikasema ipo, namba kumi na nne. Jana wakakupigia simu, dada mkubwa, kwamba ina chenga tupu, picha hakuna, ukadhani ni unyevu wa ghala. Si unyevu, mwanangu. Ni mimi.

Naye hajui. Amewaambia wote waliomcheka, kinyozi, muuza mkaa, hata yule refa mstaafu, kwamba leo hakuna kisingizio, chaneli ni ya bure, haitaki kadi wala malipo, mwenye antena ataona. Miaka yote kisingizio changu kilikuwa kwamba hakuna pa kuionyeshea. Leo pamepatikana, na mimi sina cha kuonyesha, na sina la kufanya, nimelala hapa nasubiri saa tisa kama anayesubiri kunyongwa.

Nisipoweza, mwambieni ninyi. Si leo. Dada mkubwa amwambie, wawili tu, mlango umefungwa, na usiseme mashine iliharibika. Sema, "Kaka yako aliogopa." Na lile jina lisitajwe ndani ya nyumba hii, ninyi wala wajukuu zangu.

Mungu awape vifua vyepesi, wanangu... mkikosea, mseme siku hiyo hiyo. Mpendane. Nipeni maji kidogo... basi, yatosha.

Nyamazeni. Hodi yake hiyo.

Karibu, mdogo wangu... umependeza. Sogea, sauti yangu imekwisha... Unasemaje?

Ndiyo. Ipo... Wataionyesha, labda baadaye kidogo...

Wanangu, mpeni kiti cha mbele. Ongezeni sauti.