Mzee Taratibu na Klachi ya Gari la Mkunga

Ndugu, majirani na marafiki mliofika kumsindikiza mzee wetu, familia inawaomba utulivu kidogo, ili isomwe safari ya fundi wa magari ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina moja tu, Mzee Taratibu.

Marehemu alizaliwa tarehe 6 Agosti 1955, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la magunia, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano, baba yake akiwa karani wa ghala hilo na mama yake mshonaji, na inasemwa kwamba kitu cha kwanza alichokifungua na kukirudisha kikafanya kazi kilikuwa cherehani ya mama yake, ingawa skrubu moja ilibaki, na skrubu hiyo ilimkosesha raha kwa miaka mingi.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli kuanzia mwaka 1963 hadi 1969, kisha shule ya ufundi kuanzia 1970 hadi 1972, akatunukiwa cheti cha ufundi wa magari, ambacho alikitundika juu ya benchi lake la kazi mpaka maandishi yakafifia kwa moshi.

Tarehe 15 Januari 1973 aliajiriwa katika karakana ya kampuni ya mabasi, na huko ndiko alikopata jina, kwa maana madereva wapya walipoachia klachi kwa pupa na basi likaruka kama mbuzi, yeye alisimama pembeni akipunga kiganja chini, akisema, "Taratibu, bwana, taratibu, hilo basi halijakukosea." Mwaka 1988 aliacha kazi hiyo, akafungua gereji yake mwenyewe, katika uwanja wenye ukuta wa matofali na geti la bati, ambako alifanya kazi hadi wiki zake za mwisho.

Kuhusu ndoa, mwaka 1981 alikuwa amelala chini ya basi, akihitaji mtu wa kukanyaga klachi ili yeye aangalie, akaona viatu vya karani wa tiketi vikipita, akaita kutoka chini, "Dada, samahani, mguu wako una kazi?" Karani akapanda, akakanyaga, na kwa maneno yake mwenyewe hajashuka mpaka leo. Walifunga ndoa tarehe 11 Desemba 1982, na kwa miaka arobaini kila klachi iliyotengenezwa na marehemu ilikanyagwa na mama huyu tuliye naye hapa, mmoja akiita "Kanyaga!" na mwingine akijibu "Nimekanyaga!", mmoja "Achia!" na mwingine "Nimeachia!", hata majirani wakajua kazi imefika wapi bila kuchungulia.

Walijaliwa watoto watatu, binti mmoja na wavulana wawili, na kifungua mimba wao, yule binti, aliyezaliwa tarehe 2 Novemba 1984, ndiye aliyefuata kazi ya baba yake, na sasa ni fundi mkuu katika karakana ileile ya mabasi.

Marehemu alianza kusumbuliwa na moyo mwaka 2019, akapewa dawa na kuambiwa apunguze kazi, akapunguza maneno badala ya kazi. Tarehe 20 Februari 2023 mama alifanyiwa upasuaji wa goti, akakatazwa kupanda magari, na marehemu, ambaye hakupenda mguu mwingine kwenye nafasi ile, alichonga kipande cha mbao, akakipima kati ya kiti na pedeli, ikawa akikanyaga anakichomeka, pedeli inabaki chini, naye anazunguka mbele kwenda kuangalia peke yake.

Tarehe 3 Aprili aliletewa gari la mkunga wa zahanati, lililokuwa otomatiki, giaboksi yake imekufa na nyingine haipatikani, naye akalifungia giaboksi ya gia za mkono kutoka gari la aina hiyohiyo lililokatwa, pamoja na pedeli yake ya klachi, akalikabidhi tarehe 12 Mei. Wiki moja baadaye, mkunga akiwa ameweka gia na kukanyaga klachi mpaka mwisho, akingoja geti la zahanati lifunguliwe, gari likaruka mbele lenyewe, likaangusha pipa la maji, mahali ambapo dakika moja kabla mama mjamzito alikuwa amekaa kupumzika.

Hakuna aliyeumia, lakini tangu siku hiyo marehemu hakula vizuri. Klachi ilikuwa haiachii, yaani hata ikikanyagwa injini bado inasukuma magurudumu, gia zilikuwa zinalia, na yeye alitoa hewa kwenye mafuta ya klachi mara nne, akabadilisha pampu ya juu na ya chini, akashusha giaboksi mara mbili kutazama kama sahani ya klachi imefungwa kinyume, akakuta kila kitu kiko sawa, na kila kitu kuwa sawa ndiko kulikomtisha. Tarehe 8 Juni alianguka pale gerejini, akalazwa hospitali.

Kila saa ya kutazama wagonjwa alimuuliza binti yake jambo moja, "Gia inaingia?", na mashine ya moyo pembeni ikaongeza mbio. Shangazi akamvuta binti kwenye korido, akamwambia, "We mtoto, mwambie imepona, uongo wa hospitalini hauandikwi." Jumatano tarehe 14 binti akajikaza, akasema, "Imepona, Baba." Mzee akauliza, "Ilikuwa nini?" Binti akajifanya anakunja shuka, na mzee akageukia ukutani. Siku hiyo daktari aliita familia, akasema ni suala la siku, na binti akatoka pale akiwa na hofu moja tu, kwamba baba yake ataondoka akiamini mikono yake imeacha hatari barabarani, wala hajui ni hatari gani.

Jumamosi tarehe 17, saa mbili asubuhi, binti alifungua geti la gereji, ambako gari la mkunga lilikuwa bado limesimama. Alitoa hewa upya, akachomeka kile kipande cha mbao kilichong'aa kwa mafuta, akazunguka mbele, akatazama, kila kitu kimetulia, akarudia, kimetulia vilevile. Saa tano alikuwa amekaa chini na mbao mkononi, akiihesabu saa ya hospitali kichwani, ndipo akaona kwamba mbao inashikilia tu, haikanyagi, na yeye, kama baba yake, alikuwa anafika kutazama mambo yakiwa yamekwisha kutokea. Akampigia mama simu.

Mama alifika na fimbo yake, akapandishwa kitini, akasema, "Upesi, mwanangu, goti la kuaminika limebaki moja." Binti akainama mbele, akaita, "Kanyaga!" Na hapo akaliona, lile bati linalotenganisha injini na dereva, pale pampu ya klachi ilipofungwa, likibonyea kama shavu, kwa maana gari lilizaliwa otomatiki na bati lake halikuandaliwa kubeba nguvu ya mguu wa kushoto, hivyo nusu ya msukumo iliishia kukunja bati badala ya kuachisha klachi. "Achia!" akaita, likarudi. "Kanyaga tena, Mama!" Mama akasikia sauti imebadilika, akauliza, "Unalia au unacheka?"

Jirani mchomeleaji aliacha milango yake, akaja kuweka bamba nene nyuma ya bati hilo, gari likapandishwa jeki, likawekwa gia, mama akakanyaga, na gurudumu likazunguka kwa kidole, ishara kwamba klachi sasa inaachia. Saa kumi na dakika arobaini, dakika ishirini kabla ya kufungwa kwa wodi, binti alisimama kando ya kitanda, mikono bado na grisi, akasema, "Bati, Baba, lilikuwa linabonyea." Mzee alifumba macho, akayafumbua, akauliza, "Nani alikanyaga?" Binti akasema, "Mama." Mzee akacheka mpaka muuguzi akaja, kisha akasema, "Ile mbao itupwe."

Alifariki Jumatatu tarehe 19 Juni 2023, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na saba, ameacha mjane na watoto watatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, hasa aliyejifanya hajaona grisi kwenye shuka, inawashukuru majirani, na mchomeleaji wetu, na mafundi wenzake wa karakana, pia mkunga, ambaye asubuhi hii amemleta mama kwa gari lile, taratibu, bila kuruka hata mara moja.

Mzee Taratibu, gia inaingia. Toa mguu sasa, Baba, upumzike kwa amani.