Daphine Aanyu na Malalamiko Aliyoyaacha Mezani

Mchungaji, wazee wa Kisoko, wageni wetu kutoka Busia, na ninyi mliotumwa na chuo, mliokaa hema la pili, familia inaomba mtulie, maana historia hii ina mahali ambapo tuliombwa tuparuke, nasi hatuparuki.

Marehemu Daphine Aanyu alizaliwa Kwapa tarehe 9 Machi 1999, mtoto wa tatu wa mzee Ilukor na mama Anjeline, na kabla hajatimiza miaka miwili madaktari walikuta ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Kwapa, akamaliza sekondari Tororo mwaka 2018, akilazwa karibu kila muhula na bado akifaulu, kisha akauza dawa katika duka moja la Busia, ambako wateja wa pande zote mbili za mpaka walimwita dokta, naye hakuwakataza. Tarehe 11 Desemba 2021 alifunga ndoa na Ochwo wa hapa Kisoko, wakajaliwa mtoto mmoja, Emma, na mwaka 2023 akaingia chuo kikuu kusomea uuguzi.

Tarehe 18 Februari 2025, akiwa ametoka wodini, alimwomba mhadhiri wake amruhusu kufanya mtihani alioukosa, na mhadhiri huyo, mbele ya darasa zima, akamwambia, "Wewe utafia hapa bure, achia wenye afya nafasi." Daphine aliamua kulalamika kwa maandishi, akamwomba baba yake amsaidie, na mzee Ilukor, ambaye mnajua ndiye huandika historia za marehemu wote wa Kwapa, akaandika kwa namna anayoijua, alizaliwa, alisoma, aliolewa, na tusi lenyewe akaliweka mwisho kabisa, mahali ambapo huandikwa ugonjwa uliomuua marehemu. Karani wa chuo alisoma ukurasa wa kwanza, akacheka, akauliza, "Kwani huyu amekufa?" Mzee aliumia sana, na ndiyo maana historia ya leo imeandikwa na Ikwap, kaka wa marehemu.

Daphine aliandika upya, ukurasa mmoja tu, siku, mahali, maneno yaliyosemwa na nani aliyasikia, lakini ghafla darasa zima likawa halikusikia kitu, mpaka Hajara, binti wa wafanyabiashara wa Busia, alipotia sahihi kama shahidi, ingawa mitihani yake nayo husahihishwa na mhadhiri yule yule. Malalamiko yakapokelewa, kikao kikapangwa tarehe 14 Julai.

Tarehe 27 Juni maumivu yalimshika kifuani, akalazwa Tororo, na alfajiri ya tarehe 1 Julai akafariki, akiwa amemwambia mumewe, "Hajara asiende peke yake."

Chuo kimetuma rambirambi, tunashukuru, kimetuma pia ujumbe kwamba jambo hili lizikwe pamoja naye, na hilo tunalikataa mbele yenu wote, kwa hasira na bila aibu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliopigana hadi dakika ya mwisho, majirani wa Kisoko mliopika na kuchota maji tangu msiba uanze, na wanafunzi wenzake mliokuja, hata mliokuwa hamkusikia. Hajara, mwanetu, simama wakuone. Siku ya kikao mzee Ilukor atakaa upande wako wa kulia, Ochwo wa kushoto, na sisi wengine tutajaa mlangoni.

Daphine, pumzika kwa amani, Hajara haendi peke yake.