Drams Zilikuwa na Nguvu

Ndugu zangu, asanteni kwa kunipa nafasi. Mkalimani wetu wa lugha ya ishara, nikienda mbio niinulie mkono, maana mimi nikianza kuongea sina breki.

Wengi hapa mnanijua kama mama wa kushona nguo pale Gatina. Lakini kwa miaka kumi na moja nilipiga gitaa kwa bendi ya rock. Chekeni tu, hata mamangu alicheka. Tulikuwa wanne, wawili wa Kawangware na wawili wa Kibera. Tulipenda blues, ule muziki wa kulia taratibu, halafu tunaupiga kwa nguvu mpaka mabati yanatetemeka. Mazoezi tulifanyia nyuma ya karakana ya fundi wa kuchomelea mageti, kwa sababu huyo hangelalamikia kelele.

Masikio yangu yalianza kuharibika huko. Sikusema. Nilikuwa mwanamke peke yangu, na watu walikuwa wanangoja tu nishindwe. Nikawa naongeza sauti ya spika yangu, wiki ikiisha naongeza tena. Mpiga drams wetu, mtu mpole wa Kibera tuliyesoma naye toka darasa la kwanza, aliniuliza kama niko sawa. Nikaona ananichimba, anatafuta udhaifu wangu. Siku moja tukiwa jukwaani nikamgeukia, maikrofoni iko wazi, nikamwambia anapiga kama mtu hajala. Watu wakacheka. Akaweka vijiti chini, akashuka. Mwezi haukuisha, bendi ikafa.

Nawaambia ukweli, nilijifungia. Mteja akiongea najibu "sawa" na sijasikia kitu, kesho anapata rinda fupi kama la mtoto. Miaka miwili hivyo. Mwishowe binti yangu alinishika mkono akanipeleka kliniki. Yule dada wa kupima akanieleza kwamba masikio yameharibika zamani. Nililia hapo hapo kwa kiti, si kwa sababu ya masikio. Nilikuwa nimemkumbuka yule mpiga drams.

Nikaenda Kibera, nikampata akishona viatu.

"Drams zako zilikuwa na nguvu," nikamwambia. "Ni mimi sikuwa nasikia."

Akasema kitu. Karibu nijibu "sawa" kama kawaida yangu. Halafu nikasema, kwa mara ya kwanza maishani, "Sijasikia. Rudia."

Akasogea karibu na sikio langu la kulia.

"Nilijua. Nilikuwa napiga mpaka mikono inafura, ndio unisikie."

Wapendwa, ukikosa kusikia, sema. Usimtwike mwenzako aibu yako. Sasa tunapiga pamoja kila Jumamosi, mimi nikiwa nimeegemeza goti kwa ile drams kubwa ili nishike mapigo. Namshukuru binti yangu, na yule dada wa kliniki, na nyinyi mlionifundisha kuongea kwa mikono.

Mpiga drams wangu ameketi pale nyuma, na amekataa kusimama. Nilimtukana mbele ya watu. Leo, ndugu yangu, nakuomba msamaha mbele ya watu.