Pumzi ya Mposaji

Kijana wa suti mpya alikuwa akitafuna majani ya mnanaa tangu tramu yetu ilipoondoka kituo cha Raml. Mama aliyekaa kando yake, daktari wa meno mstaafu kama alivyojitambulisha, aligeuza pua kuelekea dirishani, kisha uvumilivu ukamwishia.

“Mwanangu, unakwenda wapi na mnanaa wote huo?”

“Kuposa, Daktari. Mchumba wa kwanza aliniacha bila kusema sababu.”

“Sababu naisikia hapa nilipo.”

Nikajifanya nasoma matangazo ukutani. Kijana, Wagdi jina lake, akajitetea kwamba anapiga mswaki asubuhi na jioni, na kwamba tatizo ni tumbo.

“Tumbo usilisingizie,” mama akasema. “Ulimi unausugua? Kule nyuma vijidudu vinakula mabaki ya chakula na kutoa gesi za salfa, ndugu zake yai viza. Mnanaa unazipaka manukato tu.”

“Mbona nyumbani hawajaniambia?”

“Wanakupenda. Mimi sikujui, tena nashuka kituo kijacho.”

Tramu ikasimama Sidi Gaber. Baba wa binti anayeposwa alikuwa akimngoja kijana pale pale, mikono wazi. Wagdi akashuka amebana pumzi. Mzee akamvuta, akambusu mashavu, akamkaribisha kwa maneno marefu, uso kwa uso, pumzi yake ikinuka yai viza hadi dirishani kwangu. Nikamwona kijana akirudi nyuma, machozi yakimlengalenga, akamtazama daktari kama mtu anayezama.

Mama akashuka, akampita taratibu. “Huyo ni wako kumwambia, mwanangu,” akamnong'oneza. “Wewe ndiye mkwe.”